Mlangoni pa Hospitali, Sema Ukweli

Mazungumzo ya jioni ya leo ni yako, msikilizaji, uwe Laini Saba kule Kibera umesimama mbele ya sufuria, uwe Gatina kule Kawangware unafunga kibanda, au uwe ndani ya matatu ya 46 iliyokwama Kawangware na kondakta anaapa kwamba bado kuna nafasi ya mtu mmoja.

Mada ya leo ni nzito, na haifai kuizunguka. Ni kuhusu watu wanaofikiria kujiua, hasa wanaojinyima hewa, na kuhusu majirani wanaowakuta wangali hai. Kabla ya jambo lingine lolote: kama mwenye mawazo hayo ni wewe unayesikiliza, chukua simu upige 1199. Ni laini ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, na kupiga ni bure. Zima redio upige sasa. Nambari hii itarudiwa, lakini wewe usingoje irudiwe.

Sasa tuanze na usiku mmoja. Si usiku wa mtu fulani anayejulikana; ni mfano tu, ingawa wakazi wengi wa Kibera watautambua. Chumba ni kile cha futi kumi kwa kumi, huko Gatwekera. Mabati hayana siri. Jirani akikohoa unasikia, mtoto akigeuka kitandani unasikia, na ujumbe wa mkopo wa simu ukiingia saa nne usiku unasikia mlio wake. Usiku huo mama wa chumba cha pili anasikia jambo ambalo si la kawaida. Anaita, haitikiwi. Mlango unasukumwa kwa bega. Kijana anakutwa hai, lakini anavuta pumzi kwa shida.

Hapo utu wa mtaa unaonekana. Mmoja anakimbilia bodaboda, mwingine anatafuta shuka, na yule mama anashika kichwa cha kijana asiyemzaa. Kichochoro hakipitishi gari, kwa hiyo anabebwa kwa mikono hadi barabarani, wakivuka mtaro mmoja baada ya mwingine kwa mwanga wa simu. Hospitali ya Mbagathi iko pembeni tu mwa mtaa. Na njiani, kabla ya kufika getini, swali linaulizwa kwa sauti ya chini: "Tutasema nini?"

Jibu linatoka haraka, kana kwamba lilikuwa mfukoni: "Tuseme ameanguka."

Maneno mawili, msikilizaji, na ndiyo yaliyoleta mazungumzo haya.

Kwa nini watu wema namna hii, watu waliovunja mlango na kubeba mzigo gizani, waseme uongo mlangoni pa hospitali? Wana sababu, na si sababu ya kipumbavu. Kwa miaka mingi Kenya ilikuwa na kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Kifungu hicho kilisema kwamba mtu akijaribu kujiua ametenda kosa, na kosa la aina hiyo liliweza kumpeleka jela hadi miaka 2, au kumtoza faini, au vyote viwili. Kwa hiyo aliyenusurika alikuwa mgonjwa na mshtakiwa kwa wakati mmoja. Aliyemleta naye alijiona kama amemkabidhi ndugu yake kwa polisi. Nani hapo hatasema "ameanguka"?

Kanuni hiyo ilianza kutumika mwaka 1930, enzi za mkoloni. Na hapa pana jambo la kuchekesha, kama si la kusikitisha. Uingereza yenyewe iliacha kuhesabu jaribio la kujiua kuwa kosa mwaka 1961. Mwenye nguo alikwisha kuivua. Aliyeazima akaendelea kuivaa kwa zaidi ya miaka 60.

Alivuliwa tarehe 9 Januari 2025. Siku hiyo Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu, Nairobi, aliamua kwamba kifungu cha 226 kinakwenda kinyume cha Katiba. Kesi ilikuwa imepelekwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili, pamoja na mlalamishi mwingine. Jaji alipima kifungu hicho kwa haki ya kila mtu kuheshimiwa utu wake, haki ya kutobaguliwa, na haki ya kupata afya bora, akakiona kimepungua kotekote. Kumwadhibu mtu kwa sababu ya hali ya akili yake, mahakama ilisema kwa maana hiyo, ni kumbagua kwa ugonjwa.

Irudiwe polepole kwa aliyekuwa akiwasha jiko. Mahakama Kuu ya Kenya imekwisha kusema kwamba kumshtaki mtu kwa kujaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Aliyemkimbiza jirani yake hospitalini hana kosa. Jirani mwenyewe hana kosa.

Shida ni kwamba hukumu husomwa mahakamani Milimani, na Milimani hadi Kisumu Ndogo ya Kibera kuna safari ndefu kuliko ile ya matatu. Magazeti yaliandika siku mbili tatu, kisha yakahamia siasa. Hofu ya miaka 90 haiondoki kwa habari ya siku mbili. Mpaka leo utasikia mtu akiambiwa barazani, "Nyamaza, utashikwa."

Hebu sasa tuingie ndani ya hospitali, maana uongo ule mdogo unafanya kazi yake huko.

Daktari wa zamu akiambiwa kwamba mgonjwa ameanguka, atatafuta nini? Atatafuta mfupa uliovunjika. Atatazama kichwa kama kina jeraha. Atashona, atafunga bandeji, na asubuhi pengine atamruhusu aende nyumbani na vidonge vya maumivu. Hatajua kwamba tatizo kubwa ni hewa iliyokosekana. Na ukosefu wa hewa ni jambo linalohitaji kujulikana upesi kuliko yote.

Ubongo wa mtu ni sehemu ndogo sana ya uzito wake, kama asilimia 2 hivi, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote anayovuta. Na hauna ghala. Tumbo linaweza kukaa na njaa siku nzima. Ubongo ukinyimwa hewa dakika chache tu, chembe zake zinaanza kufa, na zilizokufa hazioti tena kama kucha. Ndiyo maana wale wanaonusurika hawarudi wote kama walivyokuwa. Wapo wanaosahau majina ya watoto wao. Wapo wanaopata kifafa, wanaotetemeka mikono, wanaoshindwa kutembea sawasawa, na wanaobadilika hasira na tabia mpaka mke anasema huyu si yule. Wapo pia wanaoamka wakiongea vizuri, wakaonekana wamepona, kisha baada ya siku au majuma hali ikageuka. Njia ya hewa huweza kuvimba saa kadhaa baadaye. Mapafu huweza kujaa maji.

Kuna uvumi unaozunguka kwamba hii ni njia ya amani, kama usingizi. Si kweli. Mwili hupigania hewa kwa nguvu zake zote, na wanaohudumu katika wadi za wagonjwa mahututi wanajua gharama ya pigano hilo.

Kwa hiyo, msikilizaji: ukimkuta mtu katika hali hiyo, mpe hewa, ita msaada kwa sauti, na umpeleke hospitalini hata kama ameamka, hata kama anaongea, hata kama anakusihi usimpeleke. Kama havuti pumzi na kuna mtu anayejua kumfufua kwa kubonyeza kifua, aanze mara moja huku wengine wakitafuta usafiri. Na ukifika mlangoni, sema ukweli. Sema ulimkuta saa ngapi, alikuwa katika hali gani, alikuwa amezimia au la. Hayo matatu yanaweza kubadilisha matibabu yote.

Huenda umegundua kwamba mazungumzo haya hayajataja kitu chochote kilichotumika, wala hayatakitaja. Haikusahaulika, imefanywa kwa makusudi. Mjini Vienna, Austria, miaka ya 1980, magazeti yalikuwa yakisimulia kwa mapana na kwa picha vifo vya watu waliojiua katika reli ya chini ya ardhi. Vifo vya namna hiyo vikaongezeka. Mwaka 1987 waandishi waliombwa waandike kwa kiasi, bila kueleza namna wala kupamba, na vifo hivyo vikapungua upesi. Baadhi ya vyombo vyetu bado vina tabia ya kuweka kifaa kwenye kichwa cha habari, kana kwamba kifaa ndicho habari. Anayelala macho usiku huo ndiye anayekisoma kwa makini kuliko wote.

Tugeukie swali ambalo watu huulizana chini chini: lakini mtu aliyeamua si ameamua? Ukimzuia leo, si atafanya kesho?

Jibu ni hapana, mara nyingi sana hapana. Mtafiti mmoja wa Marekani, Richard Seiden, alitaka kujua jambo hilohilo. Alifuatilia watu 515 waliozuiwa wasijirushe kutoka daraja maarufu la San Francisco kati ya mwaka 1937 na 1971. Alipochapisha kazi yake mwaka 1978, zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wangali hai au walikuwa wamekufa kwa sababu za kawaida, kama wafavyo watu wengine. Walizuiwa mara moja, wakaishi. Walizeeka. Kilichokuwa kimewashika kilikuwa kama wimbi: kilipanda, kikafika kilele, kikashuka.

Hilo ndilo la kushika. Saa ile mbaya ina mwisho wake. Anayekaa na mtu mpaka wimbi lishuke, na kuondoa kile kinachoweza kumdhuru kisiwe karibu naye, amefanya kazi kubwa kuliko hotuba yoyote.

Unamtambuaje lakini? Katika mitaa hii mtu hasemi "nina huzuni." Husema "nimechoka." Husema "niko na mawazo." Husema "hata nisipokuwepo, kuna tofauti gani?" Anaanza kugawa vitu vyake: simu kwa mdogo wake, viatu kwa rafiki. Anaomba msamaha kwa mambo ya zamani. Aliyekuwa mlevi wa hadithi pale kwa kinyozi ananyamaza, au aliyekuwa amenuna wiki nzima anachangamka ghafla bila sababu. Na majirani wanampa dawa yetu ya Nairobi: jikaze kisabuni. Msemo ni mtamu, lakini tazama kipande cha sabuni kwenye beseni. Kila kikijikaza kinakonda.

Wanaume ndio wanaokazwa zaidi. Mwanamume wa Kawangware aliyekosa kibarua siku tatu mfululizo pale wanaposimama mafundi asubuhi, ambaye mwenye nyumba ameweka kufuli la pili mlangoni na aliyeweka pesa ya unga kwenye kamari ya simu akitumaini itazaa, anarudi nyumbani akiwa na jambo moja tu la kumwambia mkewe, na hawezi kulisema. Dunia nzima wanaume wengi zaidi hufa kwa kujiua kuliko wanawake. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu 720,000 kila mwaka, na wengi wao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati, nchi kama yetu.

Basi muulize. Usizunguke. Muulize kwa maneno yenyewe: "Je, umekuwa ukifikiria kujiua?" Wengi wanaogopa kwamba swali litampandia wazo. Halipandi. Utafiti umelichunguza jambo hilo mara nyingi na haukuona kwamba swali linaongeza hatari. Kwa wengi linapunguza mzigo, kwa sababu hatimaye kuna mtu aliyethubutu kulitaja. Akijibu ndiyo, usimhubirie. Usimwambie ana laana, usimkumbushe watoto wake kana kwamba amewasahau. Keti. Sikiliza. Usimwache peke yake usiku huo, na kesho asubuhi rudi, hata kama ni kumpelekea chai tu.

Utasema, hayo ni kazi ya wataalamu. Ni kweli wataalamu wanahitajika, lakini wako wapi? Hospitali ya Mathari, kubwa kuliko zote nchini kwa magonjwa ya akili, ilifunguliwa mwaka 1910 na iko upande wa Barabara ya Thika. Kutoka Kibera ni matatu hadi mjini, kisha nyingine, kisha urudi vilevile. Hesabu nauli hiyo kwa mtu asiye na ya unga.

Nauli imewahi kuua. Dixon Chibanda, daktari wa akili wa Zimbabwe, amesimulia hadharani jinsi alivyompoteza mgonjwa wake kijana mwaka 2005. Binti huyo alipaswa kuletwa hospitalini. Mama yake alisema hawakuwa na dola 15 za basi. Chibanda hakuweza kupeleka hospitali vijijini, na serikali haikuwa na daktari wa kumpa. Kilichokuwepo kwa wingi ni akina nyanya. Mwaka 2006 akaanza na 14 wao katika kitongoji cha Mbare, Harare, akawafundisha kusikiliza na kusaidia mtu kutatua tatizo moja kwa wakati, wakiwa wameketi kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Hawakutumia neno la kitabuni la ugonjwa. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Linganisha na "niko na mawazo" ya Kibera. Ni kitu kimoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa benchini walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo limekwisha kufika Malawi na Zanzibar.

Hatuhitaji kwenda Harare, ingawa. Hapa hapa Kibera, Mkenya Tom Osborn na wenzake walijaribu mpango wao wa Shamiri kwa wanafunzi wa sekondari wenye msongo na wasiwasi. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, walikuwa vijana waliomaliza shule juzi tu. Walikutana kwa makundi, saa moja kwa wiki, majuma manne, wakizungumza kuhusu mtu anavyoweza kubadilika, kuhusu shukrani, na kuhusu mambo wanayoyathamini maishani. Dalili zilipungua. Kilichohitajika kilikuwa darasa, viti na mtu aliyefundishwa kusikiliza.

Na kuna wahudumu wa afya ya jamii, wale wenye mikoba waliotumwa nchini kote mwaka 2023, wanaopima presha nyumba kwa nyumba. Wengi ni majirani zako. Mmoja wao akija na mashine yake, mwambie pia kuhusu moyo mzito. Yeye anajua njia ya kituo cha afya cha Riruta au cha karibu nawe, na anajua nani wa kumwona.

Limebaki jambo moja lisilopendeza. Familia nyingi za Kibera huwapeleka wapendwa wao kuzikwa mashambani, magharibi na Nyanza na kwingineko, na huko, mtu aliyejiua bado huweza kuzikwa bila hotuba, saa zisizo za kawaida, nje ya boma. Wazee wana sababu zao na si za kudharauliwa. Lakini mjane anayerudi Nairobi na watoto watatu baada ya maziko ya namna hiyo amebeba aibu isiyo yake, na mtoto mkubwa amejifunza kwamba jambo hili halitajwi. Miaka kumi baadaye, mawazo yakimjia yeye, atanyamaza vilevile alivyofundishwa. Makanisa na misikiti ya mitaa hii, ambayo huchangisha jeneza na basi kwa saa chache, inaweza pia kumwita baba yule kwa jina lake siku ya kumuaga.

Muda unakwisha, msikilizaji, na fundi wa mitambo ameanza kuonyesha vidole. Nambari, kama ilivyoahidiwa. Msalaba Mwekundu wa Kenya: 1199, bila malipo. Befrienders Kenya, watu wa kujitolea ambao kazi yao ni kusikiliza: 0722 178 177. Kwa mtoto, au kwa mtu mwenye wasiwasi kuhusu mtoto: 116. Kwa hatari ya sasa hivi: 999 au 112, au bodaboda iliyo karibu. Ziandike ukutani, juu ya swichi ya taa au nyuma ya mlango, mahali ambapo hata mgeni ataziona.

Na wewe uliyewahi kusema "ameanguka" mlangoni pa hospitali, hakuna anayekulaumu. Ulikuwa ukimlinda mtu wako. Tangu tarehe 9 Januari 2025 ulinzi huo hauhitajiki tena. Mwambie muuguzi kilichotokea.